Nilikwenda Mwanza kukagua, nikakaguliwa mimi

Mwezi huu sileti kisa cha shosti wala cha jirani. Kisa ni changu mwenyewe, na kimetokea Mwanza.

Mume wangu alihamishiwa kule kikazi mwaka jana. Mimi nikabaki Dar, kwa sababu ya ajira na, niseme ukweli, kwa sababu ya kiburi. Kila akiniomba nihamie nilikuwa na jibu moja: "Mimi shamba siendi." Mwanzoni simu zetu za usiku zilikuwa nusu saa nzima. Zikashuka mpaka dakika kumi. Mwisho ikabaki, "Umekula? Haya, lala salama." Mashosti wa ofisini nao wakawasha moto: "Mwanaume yuko peke yake mwaka mzima, na wewe unalala usingizi?" Basi nikakata tiketi ya ndege, Ijumaa mpaka Jumapili. Yeye nilimwambia nakuja kutembea. Moyoni nilikuwa nakwenda kutafuta nyumba ndogo.

Ijumaa: Jiwe la Bismarck

Kama hujafika Mwanza, cha kwanza kukushangaza ni mawe. Mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu, na nyumba zimepanda vilima katikati yake. Ndiyo maana unaitwa mji wa miamba. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2000, na jamani, sio shamba.

Jioni tulikwenda kuliona Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Limesimama ndani ya maji, limebeba jingine juu yake, na jina ni la yule kansela wa Ujerumani, kumbukumbu ya enzi za ukoloni. Nenda jua linapozama, ziwa linageuka rangi ya chungwa na ndege wanarudi kulala. Ni mahali pa kushikana mikono kabisa. Sisi tulikaa kama abiria wawili kituo cha basi. Yeye anatazama maji, mimi natazama simu yake.

Jumamosi: Kisiwa cha Saanane

Asubuhi tulipanda boti Capri Point, na dakika chache tu tukawa kisiwani. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake, maji yakihesabiwa humo humo, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale zamani. Utaona swala, nyani wadogo, pimbi wanaoota jua, na mijusi ya kichwa chekundu na mwili wa buluu ambayo watoto wanaiita Spiderman. Vaa raba, maana kuna kupanda miamba, na beba maji na kofia.

Kule juu, jiji lote liko mbele yetu, ndipo nikalipuka. Nikamuuliza wazi: "Ni nani?" Akauliza, "Nani nani?" Nikasema yote, ya simu za dakika moja, ya Jumapili anazokuwa hapatikani. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Wewe uliniambia huku ni shamba. Sasa nikupigie nikusimulie nini? Kila ninachokisifia unakicheka." Pimbi watatu walikuwa wanatutazama. Sikuwa na jibu.

Tulirudi mjini kimya, tukaenda kula sato kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya ziwa. Mume wangu akamsalimia kwa Kisukuma, wakacheka wote wawili. Moyo ukanidunda: kumbe ana maisha hapa, na mimi simo. Yule mama akanitazama, akafuta mikono kwenye kanga. "Wifi mwenyewe ndiye huyu? Karibu sana! Huyu kaka akija hapa Jumapili, hadithi ni wewe tu. Kila siku anasema utakuja." Msomaji wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilimla yule sato na ugali huku machozi yananitoka, nikasingizia pilipili.

Jumapili: Bujora

Siku ya mwisho tulikwenda Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyependa utamaduni wa Kisukuma mpaka akapewa jina la Fumbuka. Kuna ngoma za watemi, zana za waganga, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Ukiweza, nenda Juni wakati wa Bulabo, uone wachezaji wa bugobogobo na majembe yao, na wengine wanaocheza na chatu.

Kilichonigusa ni habari ya Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya tangu zamani. Wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Hawa ni sisi." Mwaka mzima mimi nilikuwa navuta mashosti upande wangu, yeye anavuta ndugu zake. Uwanja umejaa, ila wenyewe hatujacheza pamoja hata siku moja.

Kama mna siku za ziada, pandeni kivuko mwende Ukerewe, au vukeni Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa, pale ambapo zamani lazima upange foleni ya kivuko. Kuogelea ziwani sishauri, kichocho kipo. Na msisahau kununua michembe ya kurudi nayo.

Sasa utauliza, nahamia? Jumatatu niliandika barua kazini kuomba uhamisho. Jibu bado. Na yeye ameahidi kuja Dar kila mwisho wa mwezi, tusije tukaachiwa mzigo na mabosi. Lakini simu zimerudi nusu saa, na sasa mimi ndiye ninayeuliza: "Ziwa leo likoje?"

Wewe uliye mbali na wako, usitume mashosti wakuchunguzie. Kata tiketi, nenda ukaone anaishije. Ukifika, salimia kwa adabu, "Mwangaluka!", halafu fumba mdomo usikilize.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.