KESI IKIRUDI, ISHIKWE NA HAKIMU MWINGINE



Mtu akishinda rufani, na korti kubwa ikaamuru kesi isikilizwe upya, isirudi kwa hakimu yule yule. Aliyekwisha kukata shauri ana neno lake la kulinda, hata akiwa mtu mwema.

Sisi wa Turkana tunalijua jambo hili. Aprili 1953, huko Kapenguria, hakimu Ransley Thacker aliwafunga Jomo Kenyatta na wenzake watano miaka 7 na kazi ngumu. Mmoja wao alikuwa Fred Kubai, aliyeanzisha East African Trade Union Congress pamoja na Makhan Singh mwaka 1949. Julai 1953 Korti Kuu ilibatilisha hukumu kwa kuwa Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi Kapenguria, ikaamuru ianze upya. Kabla haijaanza, Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ikaitangua amri hiyo. Januari 1954 Achieng Oneko peke yake alishinda rufani, wala hakuachiliwa. Kifungo kilikuwa Lokitaung. Mwaka 1959 Kenyatta akaletwa Lodwar.

Mwaka 1958 shahidi mkubwa, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uwongo. Je, hakimu mwingine angaliugundua mapema? Hakuna awezaye kuapa. Lakini nafasi ya kusikilizwa na masikio mapya ilikwisha kuondolewa.

Leo Lodwar ina korti, na Kakuma ina korti. Wako watakaosema kwamba hakimu mgeni hakuwaona mashahidi, na kuwaita tena ni gharama, maana wengine wamehama na mifugo. Ni kweli. Lakini sheria ya mashauri ya jinai, kifungu cha 200, yasema hakimu akibadilishwa kesi ikiwa katikati, anayeishika lazima amwambie mshtakiwa kuwa anayo haki ya kutaka mashahidi waitwe tena. Basi jambo hilo si geni.

Sisi twasema hivi: asafiri hakimu, wasisafiri mashahidi. Kakuma na Lodwar ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Nauli ya hakimu mmoja ni ndogo kuliko ya mashahidi kumi wasio na mshahara.

Nanyi ndugu, kesi yenu ikirudishwa, ombeni hakimu mwingine siku ya kwanza, kabla shahidi hajaapa. Ukingoja mpaka ushindwe, utaambiwa unalia kwa sababu umeshindwa.