"Napenda Kuwa Daktari"

Aombaye masomo ya udaktari nchini Uingereza hapimwi kwa mitihani pekee. Sharti ajieleze kwa maandishi yasiyozidi herufi 4,000, nafasi na vituo vikiwamo. Kwa wanaoingia chuoni kuanzia mwaka 2026, maelezo hayo ni majibu ya maswali matatu: kwa nini wataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kukuandaa.

Swali la tatu twaliona kuwa gumu kupita yote, na maandalizi yake huanzia darasa la nne. Huko mtoto huandika, "Napenda kuwa daktari ili niwasaidie wagonjwa," akapewa alama nzuri. Sarufi ni safi, ila mwandishi hajulikani ni nani. Huenda ndiye amfungaye bibi yake kidonda kila jioni, na aliona siku kilipoanza kukauka; lakini amezoeshwa kuyaacha hayo. (Wengine huita kujisifu.) Basi, mwalimu mtarajiwa, kabla hujatia alama, mwulize pembezoni mwa daftari: ulimwuguza nani, ulifanya nini, ulitambua nini?