Tumchangie Mwanafunzi Kama Tunavyochangia Arusi

Wazazi wenzangu wa Louisville, na ninyi nyote mlioko kwingine Kentucky,

Arusi ikitangazwa kwetu, hakuna anayekaa kumngoja tajiri mmoja ailipie yote. Huyu analeta mchele, yule mbuzi, mwingine anabeba kodi ya ukumbi, na mhazini anaandika daftarini mpaka hesabu itimie. Lakini mtoto akimaliza sekondari tunamtafutia mfadhili mmoja wa kulipa chuo kizima. Asipopatikana, mtoto anachukua zamu ya usiku ghalani na kusema atasoma mwakani. Nimewaona wengi mno waliosema hivyo, na bado inaniuma.

Chuo huku hulipwa kwa vipande, na kipande cha kwanza kimo mikononi mwa mtoto tangu darasa la tisa. Jimbo letu lina tuzo iitwayo KEES, inayolipwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo. Haihitaji fomu ya maombi; shule hupeleka alama. Kila mwaka wa sekondari, wastani wa 2.5 unamwekea mtoto dola 125, wa 3.0 dola 250, wa 4.0 dola 500. Mtihani wa ACT unaweza kuongeza mpaka dola 500 nyingine, kwa mwenye alama 28 kwenda juu. Na fedha hizo hulipwa kila mwaka wa chuo, si mara moja tu: aliyepata zote ana dola 2,500 kwa mwaka, 10,000 kwa miaka minne. Aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kuingizwa darasa la kumi asikate tamaa, miaka iliyobaki inahesabiwa. Jimbo huangalia pia uraia au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo maombi ya ukaazi yasicheleweshwe.

Juu ya hiyo weka tuzo ya chuo chenyewe, ambayo mara nyingi hutolewa kwa alama na huwa na tarehe ya mwisho ya mapema. Kisha zile ndogo za makanisa, vyama vya wafanyakazi, benki na waajiri. Dola 500 huonekana si kitu, lakini ni vitabu vya muhula. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, nayo ijazwe kila mwaka; kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huumia. Kipande kimoja kinaweza kukisukuma kingine nje. Misaada yote ikijumlishwa, haitakiwi kuzidi gharama ya masomo iliyokadiriwa na chuo. Tena viko vyuo ambavyo mtoto akileta dola 1,000 kutoka nje, navyo hupunguza 1,000 katika msaada wao. Mwaka 2017 Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuvizuia vyuo vyake vya umma kufanya hivyo kiholela. Basi kabla ya kukubali nafasi, ongozana na mwanao mpaka ofisi ya misaada ya masomo, muulize: "Tukileta fedha za nje, mtapunguza nini kwanza?" Waombeni waanze kupunguza mkopo. Jibu mlitake kwa maandishi. Tumelelewa kutomhoji anayetupa, najua, lakini hapa kuuliza si utovu wa adabu. Ulizeni pia masharti ya kuendelea kulipwa: KEES, kwa mfano, inamtaka mwanafunzi amalize mwaka wa kwanza wa chuo na wastani usiopungua 2.5.

Ninyi vijana mliokwisha kupita njia hii, njooni Jumamosi moja mkae na wadogo zenu, msome nao hizo barua za chuo mstari kwa mstari. Wachungaji, maimamu, makocha wa mpira, nanyi nawaomba. Fomu nyingi hutaka barua ya mtu mzima anayemfahamu mtoto, na watoto wetu huacha nafasi hiyo wazi kwa kuona haya kuomba. Yuko binti anayekosa usingizi akitutafsiria hospitalini, yuko mvulana anayewasomea majirani barua za kodi ya nyumba. Nani amewahi kuiandika kazi hiyo? Kama mtoto alikusindikiza kwa daktari, andika siku hiyo ilivyokuwa, kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua, na mwingine atatafsiri. Tia sahihi yako, umkabidhi kabla ya Novemba.