Breki Si Swichi

Wasomaji wangu, leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wale wanaojiita walimu wa simuleta za mbio za magari, ambao kila kijana akiwauliza afanye nini ili aongeze kasi wanampa majibu mawili tu: chelewa kufunga breki, na nunua pedali za bei. Jibu la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni biashara ya watu.

Kwa ambaye hajawahi kugusa kitu hiki, simuleta si ule mchezo wa kugonga ukuta na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Ni programu inayokokotoa tairi, springi, uzito na injini, mamia ya mara kila sekunde. Live for Speed iliandikwa na watu 3 tu, na demo yake ni bure. iRacing ilifunguliwa mwaka 2008. Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos ilitoka 2014. Na wala usiseme ni mambo ya watoto. Mhispania Lucas Ordóñez alishinda shindano la kwanza la GT Academy mwaka 2008 kwa kuanzia kwenye Gran Turismo, na mwaka 2011 alikuwa Le Mans, kwenye jukwaa la washindi wa daraja la LMP2.

Kwa hivyo kuna elimu ya kweli humu ndani. Kinachoniudhi ni jinsi inavyofundishwa.

Tuanze na hilo la kuchelewa breki. Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Gari linakuja kwa kilomita 160 kwa saa, na kona inataka kilomita 80. Shujaa wetu amechelewa kufunga breki kwa mita 3 zaidi ya mwenzake. Amepata nini? Zile mita 3 amezipita kwa mwendo wa 160 badala ya 80. Faida yake ni kama sekunde 0.07. Basi, hiyo ndiyo zawadi yote.

Sasa tuseme kwa sababu ya pupa yake gari limekataa kupinda, limepanuka nje ya njia, naye ametoka kwenye kona kwa kilomita 75 badala ya 80. Mbele yake kuna mnyoofu wa mita 500, ambao mwenzake anaumaliza akiwa amerudi kwenye 160. Tukichukulia magari yote mawili yanaongeza mwendo kwa kiwango kimoja kisichobadilika, shujaa anapoteza karibu sekunde 0.48. Amenunua 0.07 kwa bei ya 0.48. Duka la namna hiyo lingefungwa kabla ya mwisho wa mwezi!

Naam, madereva bora huchelewa breki. Lakini huko kuchelewa ni matunda ya kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo haifundishwi: namna ya kuachilia.

Kila aliyewahi kupanda matatu anajua ninachosema. Dereva mbaya akifika stejini anakanyaga breki kwa nguvu ile ile mpaka gari lisimame, na vichwa vya abiria vinakwenda mbele kisha vinarudi nyuma kwa kishindo. Dereva mzuri anakanyaga mapema, halafu anapunguza mguu kidogo kidogo, na gari linasimama bila chai ya mtu kumwagika. Breki ni zile zile na barabara ni ile ile. Tofauti iko katika namna mguu unavyoondoka kwenye pedali.

Kwenye kona jambo hili si la starehe tena, ni la uzito. Chukua gari la kilo 1,000 lenye mita 2.5 kati ya ekseli, na kitovu cha uzito kilicho nusu mita juu ya ardhi. Likipunguza mwendo kwa asilimia 80 ya nguvu ya mvutano wa dunia, uzito wa kilo 160 hivi unahama kutoka nyuma kwenda mbele. Tairi za mbele zinakandamizwa na kushika vizuri zaidi, na hizo ndizo zinazopindisha gari. Sasa wewe umefika kwenye kona, umeng'oa mguu kwenye breki ghafla kama aliyekanyaga moto. Kilo 160 zinarudi nyuma kwa mpigo, tairi za mbele zinapungukiwa na mzigo wakati ule ule unapozihitaji, na gari linakwenda moja kwa moja. Halafu unalaumu simuleta.

Hapa ndipo watu wanapopinga: "Lakini tuliambiwa tumalize breki kabla ya kupinda usukani." Ndiyo, na kwa siku ya kwanza ni ushauri salama. Lakini ukibaki nao mwaka mzima unajinyima. Chukulia tairi kama mkoba wenye shilingi 100 za mshiko. Ajabu ni kwamba mkoba huu haufuati hesabu ya kutoa ya kawaida, unafuata ile ya Pythagoras. Ukitumia 80 kwa breki, za kupinda hazibaki 20, zinabaki 60. Ukitumia 20 kwa breki, zinabaki karibu 98. Soma tena hapo. Ule mguso mdogo wa breki unapoingia kwenye kona unakugharimu kama shilingi 2 tu za kupinda, na wakati huo huo unazikandamiza tairi za mbele na kuendelea kupunguza mwendo. Tairi halisi si duara kamili kama la hesabu hii, lakini umbo la jambo ni hilo hilo.

Nenda Lime Rock Park, kule Connecticut, Marekani, ndani ya iRacing, uchukue Mazda MX-5. Mwisho wa mnyoofu kuna kona ya kulia inayoitwa Big Bend, ndefu, ya kupinda na kupinda tena. Ukimaliza breki zote kabla ya kuingia, unabaki umening'inia katikati bila cha kufanya, gari linapanuka tu. Ukiingia huku ukiachilia breki polepole, pua ya gari inafuata njia yenyewe. Kona hiyo moja itakufundisha kuliko video 20.

Na sasa vile visaidizi. Mstari wa rangi barabarani, unaogeuka mwekundu kukuambia "funga breki hapa". ABS iliyowashwa hata kwa gari lisilokuwa nayo. Kitufe cha kurudisha muda nyuma ukikosea. Sisi waandishi wa programu tunaufahamu ugonjwa huu: ni kama msimbo unaomeza makosa yote kimya kimya ili skrini isionyeshe chochote. Programu inaonekana nzima, kumbe imeoza ndani. Gurudumu linapojifunga ndilo somo lenyewe! Tairi iliyojifunga haipindi. Unatakiwa uisikie ikilia, uone gari likikataa usukani, ulegeze mguu kidogo na kuhisi mshiko ukirudi. ABS ikikufanyia hayo, mguu wako hujifunza kazi moja tu, kukanyaga. Na mstari ule unafundisha jicho kutazama rangi badala ya kutazama kona.

Simlaumu mwenye ulemavu wala anayecheza dakika 20 baada ya kazi kujiburudisha. Visaidizi ni vyake, avitumie kwa raha zake. Namlaumu mwalimu anayeviacha vimewashwa kisha anasema anafundisha.

Tuje kwa pesa. Ni kweli pedali inayopima nguvu ya mguu ni bora kuliko ile inayopima umbali ilipofika, kwa sababu mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali. Silikatai hilo. Lakini kumwambia mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret kwamba hawezi kuanza kujifunza mpaka anunue seti inayotoshana bei na laptopu, ni kumfungia mlango. Kijiti cha kawaida cha michezo kina vitufe vya nyuma vinavyopima kiasi cha kidole chako. Kidole kinaweza kuachilia polepole. Aliye na pedali za dhahabu na mguu wa swichi, bado ana swichi, ya dhahabu.

Wengine watasema kwamba kwenye kiti cha nyumbani huhisi mwili ukivutwa, kwa hivyo ulaini haufundishiki. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa mwili haukwambii kitu, unalazimika kusikiliza tairi, kuhisi usukani, na zaidi ya yote kusoma grafu. Dereva wa barabarani hana grafu ya mguu wake. Wewe unayo, na simuleta nyingi hukuruhusu kuihifadhi.

Basi fanya hivi. Chukua gari dogo lisilo na nguvu nyingi, njia moja, kona moja ya kuitazama. Zima mstari, zima ABS. Endesha mizunguko 30 bila kutazama saa. Halafu fungua grafu ya breki. Ikiwa imesimama kama sanduku, juu ghafla, chini ghafla, wewe ni swichi. Unachotafuta ni umbo la pezi la papa: inapanda haraka, kisha inateremka kwa mteremko mrefu mpaka ndani ya kona. Kumbuka inapanda haraka. Ulaini si uvivu, breki ya kwanza inakanyagwa kwa nguvu na bila kusitasita. Ukishalipata umbo hilo mara 10 mfululizo, hapo ndipo usogeze alama yako ya breki mbele, mita moja moja.

Wale walimu wa "chelewa breki" wakiona nimewaonea, waje na grafu zao tuziweke mezani. Maneno yao nimeshayasikia. Sasa nataka kuona mguu wao unavyoondoka kwenye pedali.