Baraza, Kamukunji na Uwanja wa Jiji

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wakamba waliofunga safari ya kwenda Nairobi tarehe 28 Julai 1938 walikuwa wageni wasioalikwa, na yule aliyejiita mwenyeji wa mji huo, yaani Serikali ya Mwingereza, hakupona hata kidogo. Alishikwa na homa. Watu hao, wanaume, wanawake na watoto, idadi yao ikipita elfu moja, walitoka katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbooni, Kilungu na sehemu nyinginezo tuziitazo Makueni leo. (Makueni haikuwa wilaya hadi mwaka 1992.) Walitaka jambo moja tu: kuonana ana kwa ana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wamwambie awarudishie ng'ombe wao.

Kisa chenyewe kinajulikana, ingawa aghalabu husimuliwa kwa mkato. Serikali ilidai kwamba ardhi ya Ukambani ilikuwa imechakaa kwa wingi wa mifugo, ikaamua kuipunguza kwa nguvu. Haikutaja kwa sauti hiyo hiyo kwamba malisho ya Milima ya Mua yalikuwa mikononi mwa walowezi, wala kwamba kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Ng'ombe walikamatwa, wakauzwa. Chini ya uongozi wa Samuel Muindi Mbingu na Chama cha Wakamba, watu wakaenda kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi upande wa Kariokor, wakakaa hapo kwa majuma kadhaa. Gavana alikataa kuwaona mjini. Hatimaye yeye ndiye aliyesafiri, akaenda kuzungumza nao Machakos mwezi wa Agosti. Baadaye mwaka huo Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, mji ambao sisi wanafunzi wa fasihi tunaujua kwa tendi na nakshi za milango, na ambao Serikali iliuona kuwa mahali pafaapo pa kumnyamazishia mtu msemaji. Hata hivyo amri ya kuuza mifugo kwa lazima iliachwa.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba uwanja wa kati wa mji mkuu haupati maana yake ya kisiasa kutokana na aliyeujenga, bali kutokana na walioketi pasipo kuitwa. Na ushahidi wa rai hiyo haumo katika mawe ya Nairobi pekee. Umo pia katika msamiati wa Kiswahili, mahali ambapo wanaisimu na wanafasihi wetu wangepaswa kuwa wa kwanza kuutazama.

Tuchukue neno baraza. Katika miji ya pwani, baraza ni kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo majirani huketi jioni wakazungumza, wakabishana, wakatungiana mafumbo. Anayepita njiani anaweza kusimama akatia neno. Wakamba nao wana thome, ule uwanja ulio nje ya lango la boma, penye moto, ambapo wazee waliamua mashauri na vijana wakajifunza kusema kwa kusikiliza. Mahali pote pawili pana sifa moja: pako mpakani, nje ya nyumba lakini karibu na mlango. Ukoloni ulipofika ulilichukua neno baraza, ukalivisha kofia ya chifu. Katika baraza la chifu, mmoja husimama chini ya mti na wengine huketi juani. Mmoja hutangaza na wengine huitikia. Baada ya Uhuru neno likapanda ngazi zaidi, tukapata Baraza la Mawaziri, ambalo hukutana milango ikiwa imefungwa. Safari ya neno hili kutoka kibarazani hadi chumba cha siri ni historia ya siasa ya Kenya kwa ufupi.

Viwanja vya Nairobi vilifuata njia iyo hiyo, lakini kinyumenyume. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na ndani yake ikasimamishwa sanamu ya Malkia Victoria. Iliyokusudiwa kuwa bustani ya kumtukuza mtawala iliishia kuwa makao ya Bunge la Mwananchi, kundi la watu wasio na kiti wala mshahara wa ubunge, ambao kwa miaka mingi wamejadili mambo ya nchi chini ya miti, kwa Kiswahili. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuigeuza bustani hiyo kuwa maduka na maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akaongoza upinzani, na bustani ikabaki. Sanamu ya Malkia iliharibiwa mwaka 2015. Upande mmoja wa bustani hiyo unapita Mtaa wa Muindi Mbingu. Sidhani aliyeupa mtaa jina alikuwa na nia ya kishairi, lakini imetokea vizuri.

Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja wa aina nyingine, ule ulio mbele ya Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973 na kusanifiwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso. Rais wa kwanza ameketi pale kwa shaba, fimbo mkononi. Ni kazi nzuri ya sanaa. Ila umbo lake ni lile lile la baraza la chifu: yeye ameketi, sisi tunasimama tukapigwa picha.

Kisha kuna Kamukunji. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi waliazimia kukutana katika uwanja huo wa mashariki ya jiji kudai mfumo wa vyama vingi. Mkutano ukapigwa marufuku, damu ikamwagika, na siku hiyo ikabatizwa Saba Saba. Leo kamukunji ni nomino ya kawaida. Wanafunzi wa vyuo vikuu huitisha kamukunji. Hata Spika wa Bunge huwaita wabunge katika kamukunji wanapotaka kuzungumza bila itifaki. Jina la mahali limegeuka kuwa jina la tendo. Baraza lilichukuliwa na watawala kutoka kwa watu. Kamukunji ilichukuliwa na watu, na watawala wakaja kuiazima. Nashangaa kwamba tasnifu zetu za semantiki zinazunguka mifano ile ile ya "kichwa" na "mkono" ilhali jambo hili liko mlangoni.

Nilisema uwanja hupata maana kwa kuketi, nami sikulitumia neno hilo ovyo. Mwezi Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, waliketi katika bustani ya Uhuru Park wakidai wana wao. Polisi walipowavamia mwezi Machi, baadhi ya akina mama walivua nguo, laana ambayo hakuna kijana wa Kiafrika anayehitaji kufasiriwa. Pembe hiyo ikaitwa Kona ya Uhuru. Ni katika bustani iyo hiyo Katiba mpya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, na Kifungu cha 37 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Wakamba wa 1938 walikuwa wameitumia haki hiyo miaka 72 kabla ya kuandikwa.

Wapo watakaosema kwamba maandamano huleta hasara, na kwamba mama mchuuzi ndiye aumiaye. Ni kweli, mwaka 2024 na 2025 wafanyabiashara wengi wa Nairobi walipoteza mali. Lakini seng'enge iliyotandazwa kuzunguka Bunge tarehe 25 Juni 2025 nayo ilifunga maduka, na haikuwekwa na mwandamanaji.

Swali linalonikera mimi linahusu nyumbani. Tangu mwaka 2013 Kitui na Wote ni miji mikuu ya kaunti. Ina magavana, mabunge na malango. Je, ina uwanja? Kitui ina Ithookwe, ambako taifa lilisherehekea Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2025. Wote ina Unoa, penye mikutano ya kampeni. Vyote viwili ni viwanja vya kuitwa: jukwaa la wakubwa, hema, spika za sauti, ratiba. Makueni ilisifiwa kote nchini enzi za Profesa Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kwa kuwashirikisha wananchi kuanzia kijijini katika kuamua miradi, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ushirikishwaji ni jambo ambalo Serikali huandaa. Ajenda ni yake, saa ni yake, na mara nyingi, katika kaunti nyingi, waraka wa bajeti unaogawiwa pale ni wa Kiingereza. Mzee aliyezoea thome hupewa dakika mbili kuchangia waraka asioweza kuusoma.

Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kitui haikukipokea Kiswahili kutoka kwa Serikali. Misafara ya Kivui Mwenda ilikuwa ikishuka Mombasa hata kabla ya Krapf kumzuru mwaka 1849. Kwa nini basi miswada ya kaunti isitolewe kwa Kiswahili, na nakala zake zibandikwe sokoni siku ya gulio, palipo na watu tayari? Wahitimu wa idara zetu wasio na kazi ni wengi wa kutosha kuifasiri. Na kwa nini, miji hii ikiwa bado michanga na ardhi ya katikati haijamalizwa kugawiwa, isitengwe sehemu moja isiyo na ua wala jukwaa, karibu na mlango wa bunge la kaunti, ambapo mtu wa Mwingi au wa Kibwezi aliyekuja bila kualikwa anaweza kuketi hadi asikilizwe?