Mtongwe: Nyumba ya Ufundi Ng'ambo ya Maji



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu mnaolisoma jarida hili pamoja na watoto. Kila siku maelfu ya watu wa Mombasa huvuka kivuko cha Likoni, na mara kwa mara huiona meli ya kijivu ikiingia kwa mkondo wa Kilindini kuelekea Mtongwe. Mtoto akiuliza, jibu letu huwa fupi: ile ni ya wanajeshi. Jibu hilo ni la kweli, lakini limeacha sehemu kubwa ya habari. Juma hili tunapenda kuieleza sehemu hiyo, kwa kuwa ndani yake mna riziki na heshima ambazo watoto wetu wa Pwani wanaweza kuzifikia, iwapo sisi wazazi hatutawazibia njia.

Jina la Kilindini lenyewe lasema: ni mahali pa maji ya kina. Kina hicho ndicho kilichowavuta wenye meli kubwa. Mwaka 1942, Wajapani walipozishambulia Colombo na Trincomalee huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, Waingereza walikihamishia Kilindini kikosi chao cha meli za bahari ya mashariki. Baada ya uhuru, mwezi wa Disemba 1964, Kenya ikaanzisha Jeshi lake la Wanamaji, na makao yake makuu yakawa Mtongwe. Baadaye kambi nyingine ikajengwa Manda, katika visiwa vya Lamu.

Basi kambi ya wanamaji ni kitu gani? Wengi wetu twadhani ni meli na bunduki. Lakini mwenye kuzijua jahazi hahitaji kufundishwa sana. Wazee wetu walijua kuwa chombo hakiishi kwa tanga peke yake. Kila baada ya muda kilingojewa maji ya bamvua, kikapandishwa pwani, kikategemezwa kwa magadi, kikakwanguliwa, kikakalafatiwa kwa pamba, kisha kikapakwa deheni na sifa ili wadudu wasiutoboe ubao. Jahazi isiyopandishwa pwani haifiki mbali, hata nahodha wake akiwa hodari namna gani.

Manowari ya chuma nayo ni vivyo hivyo. Mwani na viumbe vya magamba huligandia tumbo lake, nayo huwa nzito, ikaenda polepole na kula mafuta mengi. Chumvi hula chuma mchana na usiku. Mafundi hufunga vipande vya zinki chini ya meli ili maji ya bahari yaanze kuila zinki na kukiacha chuma. Zinki ikiisha, hubadilishwa. Ndiyo sababu kambi ya kisasa ni mji wa mafundi kabla ya kuwa uwanja wa vita. Inahitaji gati lenye kina cha kutosha. Inahitaji nyaya za umeme kutoka nchi kavu, ili meli iliyofungwa gatini izime mitambo yake ipumzike. Inahitaji maji matamu, mafuta, ghala la chakula, na ghala la baruti lililotengwa mbali na watu. Inahitaji karakana za injini, za umeme na za kuchomelea vyuma, zahanati, wapiga mbizi, na chuo. Kwa kila baharia mmoja anayeonekana juu ya sitaha, wako wengi nchi kavu ambao bila wao asingeng'oa nanga.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka mlizingatie. Kwa miaka mingi kambi yetu ilikuwa na meli lakini haikuwa na mahali pa kuzipandishia meli hizo zote zilipohitaji matengenezo makubwa. Meli mbili za jeshi letu, Nyayo na Umoja, zilizoundwa Uingereza katika miaka ya 1980, zilibidi kupelekwa hadi Italia kufanyiwa ukarabati, zikarudi mwaka 2011. Fedha zilikwenda ng'ambo, na ujuzi ukabaki huko huko ng'ambo. Mwaka 2020 serikali iliunda shirika la Kenya Shipyards Limited chini ya Wizara ya Ulinzi, na Mtongwe ikajengwa chelezo, yaani mteremko wa kupandishia meli kutoka majini, wenye uwezo wa kubeba meli ya tani 4,000. Shirika hilo halihudumii manowari tu, bali hata vyombo vya kiraia. Huko Kisumu limeunda meli ya mizigo ya Ziwa Victoria, MV Uhuru II, kwa kushirikiana na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Kazi ambayo ilikuwa ikivuka bahari sasa inaweza kufanyika ng'ambo ya kivuko.

Swali ni hili: itafanywa na mikono ya nani?

Waarabu wa zamani waliita mahali pa kuundia na kutengenezea meli za dola Dar as-Sina'a, yaani nyumba ya ufundi. Watu wa Venice wakalichukua jina hilo, likageuka katika ndimi zao, na hatimaye likawa arsenal katika lugha za Ulaya. Sisi Waswahili tuna neno la asili hiyo hiyo, nalo ni sanaa. Wanahistoria wanasimulia kwamba ilipojengwa nyumba ya namna hiyo huko Tunis, mwishoni mwa karne ya kwanza ya Hijria, waliletwa mafundi elfu moja wa Kikibti kutoka Misri, na waliletwa pamoja na wake zao na watoto wao. Waliopanga jambo hilo waliona mbali. Walijua kwamba ufundi hauhamishwi na mtu mmoja mwenye sanduku la zana. Unahamishwa na nyumba, baba akifanya kazi, mama akiilea hamu ya mtoto, na mtoto akikua akiiona kazi ile kuwa ni ya heshima.

Wala hatuhitaji kwenda Tunis kutafuta mfano. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la MIOME, taasisi iliyokusudiwa kuwafunza ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Wazee wale hawakusema kuwa elimu ya mikono ni ya waliofeli. Leo mambo yamegeuka. Kijana akipenda kufungua injini ya pikipiki, twamwambia aache uchafu. Akipata nafasi chuo cha ufundi, shangazi yake huuliza kwa huruma, "Kwani hakupata kwengine?" Kisha meli zinapopandishwa chelezo na kazi zikaenda kwa waliosoma uchomeleaji, umeme na mitambo, twalalamika kuwa watu wa Pwani wameachwa nyuma. Malalamiko mengine yana haki yake, na hatuyakatai. Lakini mlango ukifunguliwa, hauingiwi kwa malalamiko. Nabii Nuh aliunda safina, na Nabii Daud alifua chuma. Amani iwe juu yao. Basi nani kati yetu atakayeona haya mwanawe akinuka grisi?

Na binti zetu je? Hadi mwaka 1999 wanawake jeshini walikuwa katika kikosi chao cha peke yao. Kikavunjwa, wakaingizwa katika majeshi yote, la wanamaji likiwamo. Mwaka 2018 Fatuma Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kupewa cheo cha Meja Jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa. Hatusemi kila binti aende jeshini. Hilo ni la kila nyumba kushauriana kwa hekima na stara. Twasema tu kwamba mtoto aliyezaliwa umbali wa hatua mia kutoka baharini, naye hajui kuogelea wala hajui fizikia, amefungiwa mlango kabla ya kubisha.

Haki inatutaka tuutaje uzito wa jambo hili pia. Kambi ni jirani mwenye masharti. Mvuvi hukatazwa kuyakaribia maji yake, na ndugu zetu wa Lamu wanaukumbuka ugumu wa marufuku ya kuvua usiku iliyowekwa mwaka 2011, ambayo sufuria nyingi ziliihisi kabla ya wanaume kuizungumza. Na mke wa baharia hulea peke yake kwa majuma, akihesabu siku. Mwenye kuitamani kazi hii kwa mwanawe na ayajue haya mapema.

Mama zetu, tunawausia mambo matatu. La kwanza, hisabati na fizikia visiachwe vikamponyoka mtoto tangu madarasa ya chini, kwani ndivyo ufunguo wa karakana. La pili, kitambulisho na vyeti viwekwe tayari mapema; wengi hukosa nafasi kwa karatasi, si kwa akili. La tatu, usajili wa jeshi hutangazwa hadharani na haulipiwi. Atakayekuja barazani kwenu na kusema anauza barua ya kuitwa kazini ni tapeli, na hata kama angekuwa mkweli, hiyo ni rushwa, na riziki inayoanza kwa haramu haina baraka. Msiuze dhahabu zenu kwa ajili yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walioko baharini usiku huu, awape subira wanaowangoja nyumbani, na ajaalie mikono ya watoto wetu iwe na ufundi wenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.