Walinidai Ufunguo wa Choo

Siku niliyoacha kazi katika shirika moja la misaada hapa Nairobi, mwaka wa 2021, walinidai kila kitu. Kadi ya mlangoni. Laptopu na chaja yake. Hata ufunguo wa choo, ule uliofungwa kwenye kipande cha mbao ili usipotee. Nikatia sahihi kwamba nimerudisha, nikapewa mkono, nikaenda zangu.

Kitu kimoja hawakunidai. Mwezi jana nikiwa kwa matatu ya Githurai, nilikuwa nafuta meseji za zamani za WhatsApp ndiyo simu ipate nafasi. Nikaona linki ya kazi. Nikaibonyeza tu, bila sababu yoyote. Ikafunguka.

Ilikuwa orodha ya watu tuliowapa pesa za msaada wakati wa korona. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mtaa, kiasi. Halafu safu ya mwisho, tuliyoiita "Sababu". Mjane. Anaishi na virusi. Mume ametoroka, watoto wanne. Mengine ya maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, nikiwa nimeketi kwa stuli ndani ya nyumba ya mtu, nikimwahidi kwamba ni sisi tu wa ofisi tutakaoyaona.

Na bado nilikuwa na uwezo wa kuhariri. Ningetaka, ningebadilisha nambari ya simu ya mama mmoja niweke yangu. Ningefuta watu mia moja kabla matatu haijafika Roysambu.

Kisha kwenye kona ya juu ikatokea alama ya mnyama. Wanaotumia faili za Google wanaijua: mtu akiingia kwa linki iliyo wazi bila kualikwa kwa jina, anaonyeshwa kama mnyama asiyejulikana. Huyu alikuwa fisi. Si utani. Alikaa kama dakika moja, akatoka. Sijui alikuwa nani. Kwake yeye, mimi pia nilikuwa mnyama fulani.

Niliwaandikia siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja baada ya siku nne: tunashukuru, lakini hapa tunaaminiana, sisi ni familia.

Jameni, wacha nijibu hilo la familia. Hata nyumbani mtu hupiga hodi. Mgeni anaishia sebuleni, na kuna sanduku la mama ambalo hata mtoto wake halifungui. Pia, imani mnayoigawa si yenu. Yule mama hakuwaamini "wote wenye linki". Alimwamini binti aliyekaa kwa stuli yake, na binti huyo aliondoka zamani.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba si kweli. Ofisi hiyo haikuwa wazi hivyo kwangu nilipokuwa ndani. Nilipotaka kuona siku zangu za likizo zilizobaki, faili ilikuwa imefungwa. Nikabonyeza kitufe cha kuomba ruhusa, ombi likaenda kwa bosi, likakaa wiki tatu. Bajeti ilifungwa. Mishahara ilifungwa kabisa. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba hawakujua kufunga. Walijua vizuri sana, na walifunga yaliyowahusu wao. Siri za maskini ndizo zilizoachwa nje kama nguo zilizoanikwa.

Ndiyo maana nakataa nikiambiwa haya ni mambo ya watu wa IT. Ukitazama ruhusa za faili za ofisi, utajua ofisi hiyo inamwogopa nani na haimjali nani.

Kazi yenyewe si ngumu. Kuna ruhusa tatu: kutazama, kutoa maoni, kuhariri. Halafu swali moja: nani? Ama unawataja watu kwa barua pepe zao, ama unaweka yeyote mwenye linki. Hilo la pili linapendwa kwa sababu hakuna atakayekupigia simu usiku akilalamika kwamba haifunguki. Na faili hurithi ruhusa za folda iliyomo. Ile folda ya picha za sherehe ya Desemba mliyoiacha wazi, ukitupia humo orodha ya wagonjwa, hiyo nayo iko wazi.

Mtaniambia kufunga kunachelewesha kazi. Ni kweli, mimi mwenyewe nilicheleweshwa wiki tatu. Lakini dawa ya hilo ni kuwa na mtu wa kujibu maombi siku hiyo hiyo. Kung'oa mlango si dawa.

Tena sheria tunayo. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, hata wa Mathare. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kuweka data za watu kupita muda zinaohitajika. Data zikifikiwa na wasioruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Mimi niliwajulisha. Saa 72 zilipita hata kabla hawajanijibu.

Ninachodai ni kidogo. Mtu anapoacha kazi, jina lake litoke kwa folda siku ile ile anaporudisha ufunguo wa choo. Orodha ambayo kazi yake imekwisha ifutwe. Na aliyetajwa ndani yake akiuliza mnachojua juu yake, aonyeshwe, maana hiyo pia ni haki yake kisheria.

Jana usiku nilijaribu linki tena. Ilifunguka.